Siku Niliyomruka Mama Mkwe

Nimemruka mama mkwe wangu. Sisemi nimemruka kwa maana ya kumkana. Hilo lingesameheka, wakwe wamekanwa wengi. Nimemruka kwa miguu, kama mtu arukavyo mfereji. Alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka, miguu kainyoosha, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Nami nikatokea ndani mbio, taulo kiunoni, king'amuzi nimekikumbatia kifuani, nikapita juu ya miguu, juu ya ungo na juu ya heshima yote niliyoijenga tangu siku ya kutoa mahari. Taulo lilinaswa na kitasa, likabaki nyumbani. Namshukuru Mungu aliyenipa wazo la kuvaa bukta kwanza.

Haya yalitokea Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, hapa Lusahunga, mbele ya kijiwe cha bodaboda chenye vijana wasio na abiria lakini wenye simu zilizojaa chaji.

Akili iliponirudia nilikuwa katikati ya uwanja, king'amuzi nimekiinua juu kama nahodha aliyetwaa kombe, napiga kelele: "Tokeni nje! Tokeni nje!" Hakutoka mtu. Mama mkwe aliokota harage moja lililoangukia mkekani, akalipuliza vumbi, akalirudisha unguni. Kisha akasema taratibu, bila kuinua macho: "Baba, hilo ni lori."

Na kweli lilikuwa lori. Tela refu la chini, lenye matairi yasiyohesabika, limebeba katapila, linaelekea Rusumo. Nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka barabarani, na malori ya Kigali hayana saa ya kulala. Vyombo kabatini hugonganishwa kila siku na hakuna anayejali. Siku hiyo nilijali kwa sababu kabla ya vyombo kulia, mbwa alilia. Alilia ule mlio mrefu, wa kuvuta, wa kufukuza roho. Nilipomtafuta kwa macho, huyo mbwa aliyenitia mbioni alikuwa ameshalala tena, kidevu juu ya miguu, ananitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

Kwetu, mtu akikuruka ukiwa umekaa, sharti arudi akuruke tena kinyume, la sivyo unadumaa. Kila mtoto anaijua kanuni hiyo. Mama mkwe ana miaka sabini na kitu, hofu ya kudumaa hana, lakini kanuni ni kanuni. Jioni ile kikao cha familia kilikaa kujadili swali ambalo sidhani kama limewahi kuwekwa mezani Biharamulo nzima: mkwe anarudi kumruka mama mkwe wake kwa adabu gani? Avue viatu? Apige hodi? Shemeji yangu alishauri nipunguziwe adhabu kwa kutoa mbuzi. Mke wangu alishauri nitoe mbwa.

Ningependa kumtetea mbwa, lakini yeye kuniaibisha amerithi.

Marehemu baba yake aliitwa Hayakuhusu. Jina hilo nililitoa kwa ajili ya jirani yangu wa Ngara mjini, enzi hizo nimepanga kule, mtu aliyekuwa akihesabu mifuko ninayorudi nayo kutoka sokoni. Mbwa ni barua ya wazi: unampa jina, unamwita kila jioni kwa sauti ya juu, na mwenye barua anaipokea bila stempu.

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, tulikuwa kibanda umiza tukitazama Manchester United na Manchester City. Timu zilikwenda mapumziko City wakiongoza 2-1, nikatoka nje kununua muhindi wa kuchoma. Hayakuhusu alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha ukuta, ubavu na shavu vyote chini. Ghafla akainua kichwa. Hakunitazama mimi, wala muhindi. Aliitazama ardhi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka shimoni. Manyoya ya mgongo yakasimama, akatoka mbio kuelekea uwanja wa wazi. Nikaanza kumwita: "Hayakuhusu! Hayakuhusu!" Bado naita, mabati ya kibanda yakaanza kuongea, na watu mia na ushei wakaamua kutoka kwa pamoja kwenye mlango wa mtu mmoja. Jirani yangu akanidaka mkono, macho yamemtoka: "Ndugu yangu, ni nini hiki?" Nami sekunde hiyohiyo nilikuwa nimemwona mbwa kule ng'ambo.

"Hayakuhusu!" nikapaza sauti.

Mpaka nahama Ngara tulikuwa tunasalimiana kwa kukohoa. Mke wangu naye aliisikia sauti yangu akiwa jikoni: dunia inatikisika, na mume wa ndoa anamwita mbwa. Faili hilo halijafungwa.

Tangu siku ile niliamini mbwa anajua. Nikaanza kutafuta anajuaje, na hapo ndipo nilipopotea, maana jambo lenyewe ni tamu kuliko mpira.

Tetemeko lile lilianzia karibu na Nsunga, wilayani Missenyi, kina cha kilomita 40 chini ya ardhi, saa 9:27 alasiri, ukubwa wa 5.9. Kutoka pale hadi Ngara ni kama kilomita 200 kwa njia ya kunguru. Sasa mwamba ukikatika huko chini hautumi mjumbe mmoja, hutuma wawili. Wa kwanza ni wimbi la kusukuma. Mfano wake ni Hiace iliyojaa: konda anamsukuma abiria wa mlangoni, wa mlangoni anamsukuma wa pili, wa pili wa tatu, mpaka msukumo unamfikia bibi wa kiti cha nyuma, ingawa hakuna aliyesogea zaidi ya shibiri moja. Wa pili ni wimbi la kutikisa, lile la mtu anayekung'uta mkeka: mikono inapanda na kushuka huku, mkunjo unakimbia kule, na makombo yote yanaruka. Makombo ni sisi.

Wajumbe hawa huondoka wakati mmoja lakini hawana mwendo mmoja. Wa kwanza ni bodaboda asiye na mzigo: kilomita sita, saba kila sekunde. Wa pili ni baiskeli yenye mikungu ya ndizi: tatu na nusu, pengine nne. Kwa safari ya kilomita 200, bodaboda anaingia Ngara baada ya nusu dakika hivi, na baiskeli inachelewa kama sekunde 20 zaidi. Bodaboda akipita wengi wetu hatumsikii, hasa tukiwa wima tunabishana kama goli lilikuwa la kuotea. Baiskeli ya ndizi ndiyo inayogonga ukuta.

Wataalamu hulipima pengo hilo kujua tetemeko lilianzia wapi. Kila kituo kinatazama wajumbe walipishana kwa sekunde ngapi, kinapata umbali, kinachora duara. Ukiwa na vituo vitatu, duara hukutana mahali pamoja, na pale ndipo. Ni njia ileile anayotumia mke wangu kujua jana nilikuwa wapi: anauliza watu watatu.

Kisha nikagundua jambo lililoninyima usingizi. Nchi hii inayolizunguka Ziwa Victoria imekaa juu ya kipande cha ganda la dunia kilichobanwa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, na kipande hicho kinazunguka polepole kinyume cha mishale ya saa. Kwa hiyo mimi, mbwa, Biharamulo na mama mkwe tunazungushwa hivi sasa. Nilipomweleza mama mkwe alisema ndiyo maana miguu inamuuma.

Basi turudi kwa Hayakuhusu. Hakuota ndoto wala hakuoteshwa. Alikuwa amelala shavu ardhini wakati bodaboda anapita, na mimi nilikuwa natafuta shilingi mia tano. Kuku wana hisi za mtikisiko miguuni mwao; paka anazo kwenye nyayo. Mnyama halazimiki kuwa nabii, anachohitaji ni kuwa karibu na ardhi na kutokuwa na mazungumzo.

Watu wametaka sana awe nabii. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba mwaka 373 kabla ya Kristo, panya na nyoka waliuhama mji wa Helike, Ugiriki, siku tano kabla haujazama. Kule Haicheng, China, majira ya baridi ya 1975, nyoka walitoka mashimoni wakati wa kulala, ardhi nayo ikawa inatetemekatetemeka. Watu wakahamishwa, na Februari 4 tetemeko likaja. Dunia ikashangilia kwamba dawa imepatikana. Mwaka uliofuata, Julai 28, Tangshan iliangushwa usiku bila onyo lililotangazwa, wakafa zaidi ya watu laki mbili na arobaini elfu. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichambua taarifa 729 za wanyama waliofanya vituko kabla ya matetemeko, wakakuta nyingi ni masimulizi ya baadaye. Muulize mwenye mbwa baada ya tetemeko: hakuna mbwa ambaye hakubweka. Nani anamkumbuka mbwa aliyebweka na dunia ikatulia?

Mimi namkumbuka. Baba na mwana wamenitoa nje mara kumi na moja.

Mara moja alikuwa fisi. Mara mbili alikuwa mchungaji wa usharika, aliyenikuta na sufuria kichwani. Mara moja ilikuwa harufu ya jike wa jirani, nikavunja kidole cha mguu. Paka wetu hajawahi kutoka hata mara moja. Hupanda juu ya friji na kusubiri ripoti. Mbuzi alitoka kabla yangu, na hakurudi.

Mpaka hapa ningeweza kucheka nikafunga. Lakini kuna kitu kinanikaa kooni.

Siku ile ya 2016, sisi wa Ngara tulipoteza kipindi cha pili cha mpira. Kaskazini mwa mkoa wetu huu, Bukoba na majirani zake, walikufa watu wasiopungua 17, na majeruhi walizidi 250. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilivunjika mpaka zikafungwa. Na tetemeko lenyewe halina jiwe mkononi. Kinachoua ni ukuta. Mbwa alipona si kwa sababu ana akili kutuzidi. Alipona kwa sababu hatujawahi kumjengea.

Mimi nimejengewa. Matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo, saruji imepakwa kwa nje kama poda usoni, na linta imekatizwa juu ya dirisha badala ya kuzunguka nyumba nzima. Nilimuuliza fundi kwa nini haizunguki. Akanijibu: "Bosi, hapa siyo Japani." Sikuwa na jibu, nikamlipa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha fundi huyo jinsi ya kufunga kona isifunguke, kabla ya 2016 wala baada yake. Tulichoonyeshwa ni gari la matangazo linalotuambia tusiwe na hofu. Tulichangishwa pia kwa ajili ya waathirika, nilitoa mara tatu, risiti sijaiona hata moja, na ofisi iliyonichangisha siitaji kwa kuwa bado naishi mkoa huu. Januari 2017 Rais Magufuli alikwenda Bukoba akasema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mwathirika nyumba. Sawa. Lakini mtu asiyejengewa nyumba angefundishwa basi kujenga. Mafundi ni walewale, udongo ni uleule, na kile kipande cha chini hakijaacha kuzunguka.

Ukutani sebuleni kuna ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa ngazi, tofali kwa tofali. Kila Januari naweka mstari wa penseli ulipoishia na kuandika mwaka pembeni, kama wazazi wanavyopima kimo cha mtoto kwenye fremu ya mlango. Anakua vizuri. Sina hakika kama anayemlea ni tetemeko au malori.

Jana jioni nilikuwa nimepiga magoti kwenye ufa huo, penseli sikioni, nikagundua mlangoni hakuna mtu. Mama mkwe alikuwa ameuhamishia mkeka nje, mbali na ukuta, chini ya mwembe, karibu kabisa na mbwa. Ungo mapajani, miguu kainyoosha. Nikatoka kumuuliza kama kuna mtu aliyemkosea tena.

"Hapana, baba," akasema. "Huyu mwenzangu hana dari. Nimeona nikae naye."

Nikachuchumaa kwa adabu, nikamkumbusha kwamba lile suala la kurudi kumruka bado halijapatiwa ufumbuzi, nami niko tayari kwa siku na saa atakayopanga yeye. Akachagua harage moja bovu, akalitupa, mbwa akalinusa na kulikataa.

"Usihangaike," akasema. "Lori jingine litapita."