Jinsi ya Kujifanya Mtoto wa Mjini

Umeshuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, begi mgongoni, kiroba cha mchele wa nyumbani katikati ya miguu, simu imebaki na chaji asilimia nne. Karibu Dar. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na hofu yako ni kwamba wote watakutambua kuwa wewe ni wa kuja. Ondoa shaka. Mwongozo huu umeandaliwa na mtu aliyefedheheka kwa kila namna inayotajwa humu. Ukiufuata vizuri, nawe utafedheheka hivyohivyo.

Hatua ya kwanza: usiulize njia

Anayeuliza njia amekuja mjini na mbio za Mwenge. Mtoto wa mjini huongozwa na majina ya vituo. Ukiambiwa ushuke Tabata Dampo, nusa hewa mpaka upate harufu ya taka, ingawa taka ziliacha kumwagwa pale zamani. Ukiambiwa Magomeni Mapipa, anza kuhesabu mapipa. Ukifika Ubungo Mataa utakuta barabara za juu za Kijazi, zilizozinduliwa 2021, lakini konda ataendelea kuita "Mataa! Mataa wapo?" Watu wa hapa hawafuti jina kwa sababu tu serikali imemwaga zege.

Kariakoo nayo isikusumbue. Jina lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi waliondoka, mizigo ikabaki. Utaijua ikikugonga kisogoni, na nyuma yake sauti inasema "pisha!" baada ya kukugonga.

Ndani ya daladala, kaa dirishani ukae kimya. Konda anataja vituo kama mtu aliyeungua ulimi, wewe tikisa kichwa kana kwamba umesikia. Ukigundua umepitilizwa, usishtuke wala usipige kelele za "shusha". Mtoto wa mjini hapitilizwi, hubadili ratiba tu. Mimi nilibadili ratiba mpaka Mbagala Rangi Tatu, nilikuwa naenda Mtoni.

Hatua ya pili: panda boda kwa kujiamini

Usiulize bei kabla ya safari, maana hiyo ni dalili ya umaskini. Sema tu "twende", ruka nyuma, kunja uso. Wiki yangu ya kwanza nilimtajia kijana wa boda jina la baa moja ya Sinza. Alinitazama kidogo, akaniuliza kama nina uhakika, nikamjibu "twende bwana, usinicheleweshe". Tulizunguka mitaa kama dakika ishirini, upepo mzuri, nikauona mji. Akanishusha, akachukua elfu tano yake. Nilipogeuka nikaona kijiwe kilekile nilikopandia, ng'ambo ya barabara.

Hatua ya tatu: kula kama unakimbizwa

Mchana nenda kwa mama ntilie. Usimwamkie, piga kelele: "Oya mama, wali nyama, fasta!" Angalia kwa makini kinachofuata. Mwiko utazama kwenye sufuria ya nyama, utapita pembeni ya minofu miwili mikubwa kama meli inayokwepa mwamba, na utaibuka na mfupa. Kijana aliyekaa benchi la pili, aliyesema "Shikamoo mama, leo kuna nini?", ataletewa minofu ile, tembele juu yake, na atakapoomba kuongezewa mchuzi ataongezewa bure. Usimwonee wivu. Yule hajui mji.

Jioni ni zamu ya chips mayai, ambayo wenyewe huiita zege. Simama karibu na jiko uone: mayai mawili yanapigwa kwenye kikombe cha plastiki, chips zinatandazwa kwenye kikaango, mayai yanamwagwa juu, kisha sahani inafunikwa na kitu chote kinapinduliwa kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukipokea hela za mteja mwingine. Ukiletewa, usiombe uma. Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha, na ndicho kinachotumika. Pilipili ya kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, imwage kwa wingi ili waone wewe ni mzoefu. Machozi yasingizie moshi.

Jumapili ni Coco Beach, kwenye mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari. Na ukimkuta muuza supu ya pweza mtaani saa mbili usiku, kunywa bila kuuliza inasaidia nini. Wanaume waliomzunguka watakueleza wenyewe, kwa sauti ya chini, na hakuna hata mmoja atakayesema amekuja kwa sababu hiyo.

Hatua ya nne: usiku

Baa zimejaa Sinza, nyingine hazipo mbali na kituo kinachoitwa Makaburini, kwa hiyo ukizidisha umekwisha kuonywa. Mhudumu atakuuliza: "Ya moto au ya baridi?" Si utani, anamaanisha bia. Jibu "ya moto" ili uonekane mkongwe, kisha unywe uji huo mpaka chini bila kukunja uso. Ukiona ubao umeandikwa "mdudu", hapo kanuni ya kutouliza isimame kwa muda. Mimi niliyetoka Bukoba nilifurahi, nikadhani senene wameingia mjini. Ni nguruwe, ndiye huyohuyo kitimoto.

Kisha toa ofa kwa meza nzima. Watakuita "bosi", "mkurugenzi" na "mwanetu". Bili ikija wataenda kupokea simu.

Kumbi za muziki wa dansi ziepuke kabisa. Kule kuna wazee waliopiga pasi mashati, wanaoweza kukukalisha na kukueleza kwamba Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwamba Mlimani Park, yaani Sikinde, ilizaliwa 1978, na nani alihama bendi ipi kwa hasira gani. Utaondoka usiku huo unaujua mji, tena bure. Bora usimame karibu na spika la singeli Manzese, ambako hakuna atakayesikia lafudhi yako.

Hatua ya tano: kijiwe cha kahawa

Ukiketi, pokea kikombe na kashata, na uwe na jibu tayari. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, zote zina makao Kariakoo, na ukisema huna timu utaonekana mpelelezi. Chagua moja upate ndugu nusu ya benchi na watani nusu nyingine.

Basi, mwongozo umekwisha. Ningekuficha hili, lakini dhamiri inanisuta: usiku ule wa Mbagala, simu imezima, mfukoni nimebaki na jero, nilishindwa nikasema, "Samahani, mimi mgeni hapa." Watu watatu walianza kubishana njia ipi ni fupi. Konda mmoja akaniambia nikae karibu na mlango, atanishusha mwenyewe. Nauli hakuitaka. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Bukoba. Akacheka: yeye wa Lindi, suka wake wa Singida.

Kwa hiyo kama umepotea sasa hivi, acha kusoma. Muulize huyo mama anayeuza maandazi hapo pembeni yako. Mwamkie kwanza.