Makanga wa Mamboleo na Ajenti wa AI

Simama kwenye makutano ya Mamboleo, Kisumu, kidogo tu. Makanga atakuambia gari ni la Kakamega, linapitia Chavakali, na kama wewe ni wa Miwani au Chemelil, hili si lako, ngoja la Muhoroni. Kwa pumzi moja umejua linakwenda wapi, linapitia wapi na nani asipande. Wala hakusomea uhandisi wa programu.

Sasa fungua faili la msanidi wa michezo ya kompyuta aliyeunganisha Godot, injini ya kuundia michezo, na ajenti wa akili unde (AI). Zana inaitwa "futa_kitu". Maelezo yake: "Hufuta kitu." Ahsante sana, mkubwa. Kwa MCP, itifaki ya kuunganisha ajenti na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, zana hutangazwa kwa jina, maelezo na muundo wa vigezo vyake; ajenti huchagua kwa kusoma hayo, si kwa kuchungulia kilichomo kichwani mwako. Na Godot ikifuta nodi, yaani kitu kimoja cha mchezo, nodi zote zilizopachikwa chini yake huenda nayo. Basi ajenti anaombwa aondoe matatu moja barabarani, anatii, na abiria waliopachikwa chini yake wanayeyuka pia, pamoja na mizigo.

Hapo msanidi anapiga kelele kwamba AI ni bure kabisa. Kisha, kwa ukarimu, anaongeza zana ya pili, "ondoa_kitu", yenye maelezo "Huondoa kitu", ili ajenti awe na uhuru wa kuchagua.