Safari Isiyo na Sababu

Kwetu mtu mzima husafiri kwa sababu zinazojulikana. Kuna msiba, kuna harusi, kuna kwenda India kutibiwa, kuna Hija kwa aliyejaaliwa, na kuna Guangzhou kwa mwenye duka Kariakoo. Ukisema unakwenda nchi za watu kutembea tu, wewe na mwenzio wa ndoa, mmebeba mashanta mgongoni na mtarudi mkichoka, wasikilizaji wanatazamana kwanza. Kisha mmoja wao, kwa sauti ile ya wodini, anauliza: "Lakini mko salama?"

Wazo lilikuwa la mzee wangu. Alikuwa mtunza stoo maisha yake yote, akastaafu, mafao yakatoka, akabaki hana cha kuhesabu. Akaanza kunihesabia vijiko. Jioni moja akatangaza kwamba anataka kufika Cape Town kwa nchi kavu. Tupande treni ya TAZARA hapa Dar es Salaam, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na isipokuwepo treni basi lipo. Tushuke Lusaka, twende Livingstone kuyaona maporomoko ambayo wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, tuvuke Botswana, tuteremke kusini mpaka bara liishe. Miezi mitatu, kwa kujibana. Nilikubali kabla hajamaliza, na hilo likamtia wasiwasi kuliko kama ningekataa, maana hoja alizokuwa ameziandaa zilikosa kazi.

Akanunua daftari kubwa, la mistari, akagawa kurasa kwa nchi. Baada ya wiki nilipolifungua niligundua kwamba tunapanga safari mbili. Ya kwake ilikuwa na saa za kuondoka, saa za kufika na safu ya "dharura". Ya kwangu, niliyoiandika pembezoni kwa penseli, ilikuwa na Soko la Soweto la Lusaka, na neno "tutaona" mara nyingi. Mzee hapendi neno "tutaona". Anasema stoo yoyote iliyowahi kuibiwa ilianza na neno hilo.

Ugomvi wa kwanza wa kweli ulikuwa wa mwezi. Mwezi wa nne Zambezi imefurika, na mvuke unaopanda ni mwingi kiasi kwamba unalowa bila kuyaona maporomoko yenyewe. Mwezi wa kumi na moja, upande wa Zambia unaweza kusafiri kote huko ukaishia kutazama mwamba. Tukasogea katikati, mwezi wa sita au wa saba, tukapeana mikono. Ndipo nikasoma kwamba miezi hiyo Cape Town iko katika baridi na mvua. Bara hili halikupangwa na mtu mmoja. Ikabidi tuongeze masweta.

Wakati sisi tunabishana juu ya maji, habari zikamfikia wifi yangu mkubwa. Alisikia "Afrika Kusini", akasikia "miezi mitatu", akajumlisha mwenyewe. Asubuhi yake kundi la WhatsApp la ukoo likaamka na jina jipya: Matibabu ya Kaka. Palikuwa na mweka hazina, palikuwa na namba ya kutumia mchango, na palikuwa na picha ya mume wangu iliyopigwa kwenye msiba mmoja, ambapo kusema kweli alionekana hoi. Mjomba wa Manyoni akatuma elfu ishirini na maneno ya kumtia moyo mgonjwa. Binamu mmoja, tusiyesemezana naye tangu suala la shamba, akatuma elfu hamsini na kuomba msamaha. Mzee akausoma ujumbe huo, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

"Hii ya shamba," akasema taratibu, "tungeiacha ipoe kidogo kabla hatujakanusha."

Tulikanusha jioni. Tukaandika kwamba haumwi popote, anakwenda kutembea na mkewe. Kundi zima likanyamaza. Halafu shangazi mmoja akaandika kwamba wagonjwa wengi huwa hawakubali mwanzoni, na michango ikaongezeka.

Ilibidi mzee ajirekodi video akiruka kamba uani ndipo wakasadiki, na waliosadiki hawakufurahi. Binamu wa shamba alitaka arudishiwe elfu hamsini yake pamoja na msamaha wake. Kurudisha pesa kwa simu nako kuna makato, na mweka hazina, ambaye alikuwa ameipenda kazi yake, akataka kujua makato hayo yatatoka fungu gani. Yalitoka kwenye ukurasa wa Zambia, mstari wa "chakula".

Mashanta tuliyapata kwenye mitumba ya Karume, pale Ilala. La kwangu lilikuwa na kamba nyingi kuliko shughuli: ya kifuani, ya kiunoni, za ubavuni, na moja ambayo nilimwuliza muuzaji kazi yake akaniambia, "Hiyo, mama, ni urembo." La mzee ni la lita 65, na mfukoni tulikuta soksi moja ya sufu. Ameitunza. Anasema mwenyewe anaweza kuwa Cape Town.

Basi mtu mwenye lita 65 hawezi kutulia. Akaamua kwamba mgongo uzoeshwe, akatia ndani kilo kumi za sembe na radio yake, akaanza kutoka alfajiri kuzunguka mtaa. Hapa Tabata mwanamume anayeonekana saa kumi na moja alfajiri, begi kubwa mgongoni na kichwa ameinamisha, hahitaji kuulizwa, watu wanajua. Siku ya tatu jioni tukapata wageni: mjumbe, mzee wa kanisa, na jirani wa nyumba ya kona ambaye hakosi palipo na jambo. Wakanywa chai. Wakasema ndoa ina mitihani. Mjumbe akaniuliza kwa staha kama kuna chochote ninachomnyima mwenzangu.

"Unga anaondoka nao," jirani akaongezea. "Tumeuona."

Na kweli waliuona. Mfuko wa sembe ulikuwa umetoboka, ukaacha mstari mweupe kutoka mlangoni kwetu, ukapita kwa muuza mkaa na kituo cha bodaboda, ukarudi tena mlangoni kwetu. Kwa jirani huo ulikuwa ushahidi kwamba alikimbia, akajuta. Mzee wa kanisa alituombea kabla ya kuondoka. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu mume wangu alikuwa ameanza kueleza habari za Kapiri Mposhi na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Ya pesa nayapita haraka, yananiuma. Baba mdogo wake, aliyewahi kufanya biashara Zambia zamani, alituletea bahasha ya noti za kwacha, za elfu hamsini hamsini. Usiku huo daftari lilinawiri: gesti ya Livingstone ikawa hoteli, na ikaongezwa boti ya machweo juu ya Zambezi. Kitindamimba wetu ndiye aliyetuambia kwamba Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013 na noti zile zilishaacha kutumika. Boti ikafutwa kwa kalamu nyekundu. Hoteli ikarudi kuwa gesti.

Pasipoti yangu nayo ilikuwa imekwisha muda. Zambia, Botswana na Afrika Kusini hazimdai Mtanzania viza kwa matembezi, kwa hiyo nilidhani upande wa makaratasi tumepona. Kijana wa dirishani, mpole sana, aliniamkia, akapitisha macho kwenye fomu, akasimama pale penye sababu ya safari. Nilikuwa nimeandika "kutembea".

"Kutembea kufanya nini, mama?"

"Kutembea, mwanangu."

"Yaani kumtembelea mtu?"

"Hapana. Kutembea wenyewe."

Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama hakuna hata mjukuu kule. Nilitamani kumzulia mmoja.

Kwa upande wa mzee, kitu kilichomtia nguvu ni Daraja la Kazungula. Lilifunguliwa mwaka 2021, lina urefu wa mita 923 juu ya Zambezi kati ya Zambia na Botswana, na limepinda ili lisiingie eneo la Zimbabwe. Alilipenda hata kabla ya kuliona. "Hiyo ndiyo akili," akawa anasema. "Unaukwepa ugomvi, na ng'ambo unafika." Tangu siku hiyo kila nikimwuliza jambo la matumizi, anapinda.

Ng'ambo ya daraja hilo ndiko kuliko na shida ya samli. Botswana wanawalinda ng'ombe wao na ugonjwa wa miguu na midomo: msafiri anakanyagishwa dawa, hata viatu vilivyofungwa ndani ya begi vinaweza kutolewa vikatiwa dawa, na vitu vya nyama na maziwa vinatazamwa kwa jicho kali. Hayo nilikuwa nimeyaandika kwa wino. Ndipo mama mkwe akashuka kwenye basi kutoka Singida, na kijana wa basi nyuma yake akiwa amebeba dumu la lita tano la samli.

Samli ya mama mkwe hairudishwi. Mzee, anayejua kuandika safu ya dharura kwa kila nchi, alikwenda kukaa chooni. Nikabaki mimi, nikamwandalia mama chakula, nikamweleza safari yote kwa mpangilio, nikiikaribia Botswana polepole. Alisikiliza akila. Hakuniuliza kama mwanawe anaumwa.

"Kwa hiyo hamwendi kwa mtu."

"Hatuendi kwa mtu, mama."

"Na hilo treni linapita wapi?"

Mzee, aliyekuwa amesharudi na kusimama mlangoni, akataja kwa furaha: Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma.

"Makambako!" Mama mkwe akaweka tonge chini. Mdogo wake aliolewa Makambako miaka mingi iliyopita, na tangu msiba wa mume wake hawajaonana. "Sasa nani kawaambia samli ni yenu? Nyie mnaokwenda kulalia mabegi, samli ya nini?" Akamgeukia mwanawe. "Utampa mkononi. Usimwachie mtoto wa mtu stesheni."

Kabla sijaondoa vyombo alikuwa ameshampigia wifi. Jina la kundi likabadilika tena, na chini yake ukaja ujumbe kwa ukoo wote: Kaka na wifi wanampelekea mama mdogo samli Makambako. Wakitoka hapo watapitia Cape Town.

Pongezi zikamiminika, pamoja na mizigo: kitenge cha mtu wa Mlimba, simu ya kutengenezwa ya mtu wa Mbeya. Binamu wa shamba akatuma elfu kumi, nauli ya dumu.