Jina Lipo, Thamani ni Sifuri

Katika lugha ya C na jamaa zake, makro ni jina linalobadilishwa na maandishi mengine kabla msimbo haujafika kwa kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa maagizo ya mashine. Na miongoni mwa makro hizo zimo zile za jukwaa, ambazo hutangaza mfumo endeshi unaolengwa ili sehemu za msimbo zisizouhusu ziondolewe. Kwa maelezo ya vitabuni utaratibu huo, uitwao ukompaili wa masharti, ni wa busara kabisa: faili moja, mifumo mitatu, kila mmoja ukichukua fungu lake. Kwa vitendo, kompaila haijishughulishi na maana ya fungu lililoondolewa, hivyo mabano yasiyofungwa katika sehemu ya Windows huweza kukaa humo raha mustarehe, huku aliyeyaandika akipongezwa na wenzake wanaotumia Linux, mpaka siku ya kumkabidhi mteja kazi, ambayo kwa kawaida huwa Ijumaa jioni.

Majina yenyewe hayasaidii. Makro ya _WIN32 ilipata jina lake Windows ilipokuwa ikihamia kwenye biti 32, na leo hutangazwa vilevile katika Windows ya biti 64, sambamba na nduguye _WIN64, kwa sababu kuiondoa kungevunja msimbo wote ulioitegemea. Mtoto aliyeitwa Shida kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa hubaki Shida hata akija kumiliki mabasi, wala hakuna anayeshangaa. Anayeshangaa ni mwanaprogramu aliyeiuliza _WIN32 kama mashine ni ya biti 32, akaamini jibu. Kwa upande wa Apple, TARGET_OS_MAC ina thamani ya 1 hata kwenye iPhone, kwani inahusu mifumo yote ya kampuni hiyo, na atakaye kompyuta ya Mac peke yake hana budi kuiendea TARGET_OS_OSX.

Hata hivyo, chanzo kikuu cha vituko ni tofauti kati ya kuwepo na kuwa kweli. Amri ya #ifdef huuliza kama jina limetangazwa, basi, ilhali #if huuliza thamani yake. TARGET_OS_IPHONE hutangazwa kwenye Mac pia, ila kwa thamani ya sifuri, hivyo aliyeandika #ifdef TARGET_OS_IPHONE hujibiwa ndiyo, kwa adabu na bila kusita, na programu yake ya mezani huanza kutafuta vitu vya simu. Mhusika akishaonywa huapa kutumia #if maisha yake yote, na hapo ndipo anapokutana na kanuni ya pili, kwamba jina lisilojulikana, likiwa ndani ya #if, huhesabiwa kuwa sifuri. Akiteleza kidole akakosea herufi za jina la makro, kompaila kwa kawaida haipigi kelele wala haikunji uso, bali huliondoa fungu zima kimyakimya, naye hubaki akikagua kila kitu isipokuwa tahajia. Lipo onyo liitwalo -Wundef, katika kompaila za GCC na Clang, linalolalamikia majina ya aina hiyo, lakini halikuwashwa kwa chaguo-msingi. Na anayeliwasha kwa mara ya kwanza katika mradi wa zamani huletewa malalamiko mengi kiasi cha kulizima kabla ya chakula cha mchana.

Namba za matoleo nazo zina mambo yake. Apple iliandika toleo la 10.4 la mfumo wa Mac kuwa 1040 na la 10.9 kuwa 1090, mpangilio ulioliachia toleo dogo tarakimu moja tu, hata lilipokuja toleo la 10.10 mwaka 2014 ikawa 1010 tayari ni mali ya 10.1, ndipo ikaandikwa 101000. Microsoft huijua Windows 7 kuwa 6.1, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kuwa bado 10.0.

Cha ajabu zaidi, makro ya _WIN32_WINNT, ambayo wengi huidhania kuwa mpelelezi wa toleo, haijui lolote kuhusu kompyuta ya mtumiaji. Thamani yake huwekwa na mwanaprogramu, au na vifaa vyake vya kazi asipoiweka, kueleza toleo la chini kabisa analokusudia kulihudumia. Anayeandika 0x0601, yaani Windows 7, juu ya faili, kisha mistari mia mbili chini yake akaiuliza makro hiyohiyo kama Windows hii ni ya 7, anajiuliza na kujijibu mwenyewe. Makro hufa kabla programu haijazaliwa; ukaguzi wa toleo lililopo kwa mtumiaji hufanywa programu inapoendeshwa, na Apple ililiingiza jambo hilo ndani ya lugha ya Swift mwaka 2015 kwa neno #available.

Mwaka 1992 Henry Spencer na Geoff Collyer, kutokana na uzoefu wao wa kuandika C News, programu ya kusambaza habari za Usenet, walitoa makala wakidai kwamba wingi wa #ifdef ni dalili ya usanifu mbovu. Hoja yao haijachakaa, na husifiwa hata na watu ambao #ifdef zao zimejaa kila ukurasa.

Zimesalia makro zisizotarajiwa na mtu. GCC, kwa chaguo-msingi kwenye Linux, hutangaza linux na unix, kwa herufi ndogo, zote zikiwa na thamani ya 1. Mwaka 1987 David Korn aliitumia hiyo unix katika programu ya mstari mmoja iliyoshinda kwenye shindano la kimataifa la msimbo wa C uliofumbwa makusudi. Msomaji asiye na nia ya kushindana, ambaye alitaka tu kuhesabu kompyuta za ofisini na akakipa kigeu chake jina la linux, ataambiwa na kompaila kwamba ilitarajia jina ikakuta namba; asiukodolee macho mstari huo, bali aiongezee kompaila chaguo la -std=c11, linaloyaondoa majina hayo, au akipe kigeu chake jina jingine.