Mrejeaji na Maneti

Mrejeaji ni mtu aliyewahi kucheza michezo ya video ya kushindana, akaacha kwa miaka kadhaa, kisha akarudi akiamini kwamba mchezo ulikuwa umeketi unamngoja. Asichanganywe na mgeni. Mgeni hufungwa mabao matano akacheka, maana hakuja na sifa yoyote ya kupoteza. Mrejeaji hufungwa hayo hayo matano huku akiwasimulia walioketi kwenye benchi jinsi alivyokuwa zamani. Mtaani Majengo, katika komine ya Karisimbi mjini Goma, viumbe hawa huonekana zaidi Jumapili alasiri, wakiwa na noti ya faranga 500 iliyokunjwa mara nne.

Sababu za kuacha ni nyingi. Wapo walioacha kwa ndoa, wapo walioacha kwa masomo ya Bukavu au Kampala, na wapo ambao televisheni yao iliungua ikakosa fundi. Goma ina sababu yake ya ziada. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka, na moto wake ukateremka hadi Buhene, kaskazini kabisa mwa mji. Siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji, na watu kwa mamia ya maelfu wakaelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Katika mizigo ya kukimbia, godoro, sufuria na bidoni ya maji hutangulia. Mashine ya kuchezea hubaki nyumbani, au huja kuuzwa baadaye ili lipatikane godoro jingine. Hivyo kipaji hulazwa usingizi bila mwenyewe kuamua.

Ukumbi anakorudi kwa kawaida ni chumba cha mbao juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano, chenye televisheni moja, maneti mbili, yaani vidhibiti vya kuchezea, na benchi lisilotosha. Sheria yake ni fupi: anayeshinda anabaki, anayeshindwa analipa na kupisha. Mrejeaji huisikia sheria hiyo bila kuipigia hesabu. Ikiwa mshindi ndiye anayebaki, basi yule kijana anayekutwa ameshika maneti saa kumi jioni amekwisha kuwaondoa wote waliokuwepo. Kwa maneno mengine, mrejeaji huanza na fainali.

Kwingineko tatizo hili limetafutiwa dawa ya hesabu. Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, alibuni njia ya kuwapanga wachezaji wa sataranji kwa alama, na shirikisho la mchezo huo duniani likaipokea mwaka 1970. Mwaka 1995 Mark Glickman akaongeza jambo linalomhusu mrejeaji moja kwa moja: kadiri mtu anavyokaa bila kucheza, ndivyo uhakika kuhusu alama zake unavyopungua. Michezo mingi ya intaneti hutumia njia za ukoo huo ili kumkutanisha mtu na wa kiasi chake. Ukumbi wa Majengo hauna kompyuta ya kazi hiyo, lakini una benchi, na benchi hukadiria haraka. Swali lake ni moja tu: «Mukubwa, unalipa moya ao mbili?» Anayeulizwa kama atalipa mechi mbili kabla hata hajaketi ajue kwamba alama zake zimekwisha kupangwa.

Wengi hudhani kwamba mrejeaji anashindwa kwa sababu amesahau. Ukweli ni kinyume chake: anashindwa kwa sababu anakumbuka. Aliyejifunza soka la video kwa PES ya kampuni ya Konami, kwenye PlayStation 2, alipiga shuti kwa kitufe cha mraba na kuinua mpira mrefu kwa kitufe cha duara. Katika FIFA ya kampuni ya EA mambo yamegeuzwa: duara ndilo shuti, mraba ndio krosi. Basi mrejeaji anamtoka beki wa mwisho, anabaki ana kwa ana na kipa, benchi linanyamaza, kidole kinakwenda mrabani chenyewe, na mpira unapaa taratibu kuelekea kibendera cha kona, kana kwamba kuna jamaa yake anayeungoja huko.

Kwenye ulinzi hasara ni kubwa zaidi. Katika PES ya zamani, kubonyeza mraba bila mpira kulikuwa sawa na kumwita mwenzako aje kusaidia kukaba. Ulikuwa mwito wa adabu, usiomuumiza mtu. Katika FIFA kitufe hicho hicho humtupa beki chini na miguu mbele. Mrejeaji anaomba msaada ndani ya eneo la hatari; anapata penalti. Anaomba tena, anapata kadi nyekundu. Dakika ya 30 ana wachezaji kumi, na bado anashangaa kwa nini hakuna anayekuja kumsaidia.

Mtu wa Goma hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakajenga upya juu ya jiwe lililopoa. Wazee bado humwelekeza mgeni kwa kutaja duka ambalo sasa liko chini ya mawe. Kidole cha mrejeaji hufanya vivyo hivyo: njia anaijua vizuri sana, ila njia yenyewe imefunikwa.

Majina nayo yamefunikwa. Mrejeaji huomba achezee Inter Milan ili ampate Adriano, ambaye shuti lake katika PES 6 liliogopwa kama ngurumo. Vijana huuliza Adriano ndiye nani. Akiomba PES yenyewe, anaambiwa kwamba tangu mwaka 2021 inaitwa eFootball. Akikubali kucheza FIFA, anaarifiwa kwamba nayo ilibadili jina mwaka 2023 ikawa EA Sports FC, ingawa kila mtu chumbani, pamoja na anayemrekebisha, anaendelea kuiita FIFA.

Umri nao una sehemu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa mchezo wa kompyuta wa StarCraft II, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Waliona kwamba wepesi wa kuitikia huanza kupungua kwenye miaka 24. Waliona pia kwamba wakubwa hufidia kwa kucheza kwa mpango na kwa kutumia njia za mkato. Mrejeaji wa miaka 35 huishika sehemu ya pili ya habari hii na kuiacha ya kwanza. Anachokiita mpango, benchi hukiita kuchelewa.

Visingizio viko vya aina tatu. Cha kwanza ni maneti: kijiti kimelegea, kitufe kinanasa. Hiki hufa pale wanapobadilishana maneti na matokeo yakabaki yale yale. Cha pili ni televisheni, kwamba picha inachelewa, ingawa inamchelewea mmoja tu kati ya wawili. Cha tatu ni umeme, nacho ndicho pekee chenye heshima. Umeme ukikatika dakika ya 80, naye yuko nyuma mabao manne, mrejeaji ndiye hulalamika kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba alikuwa anakaribia kusawazisha.

Tiba ipo, na haihitaji ushujaa. Kwanza, aende asubuhi, vijana wakiwa shuleni, mpinzani akiwa mwenye ukumbi anayecheza huku akirudisha chenji. Pili, kwa wiki nzima asiguse mraba akiwa hana mpira. Tatu, aulize. Hatua hii humshinda kuliko zote, kwa sababu anayejua jibu mara nyingi ni mtoto wa miaka 12. Mtoto huyo atafungua orodha ya mipangilio, ateremke hadi mahali pa vitufe, na kuonyesha kwamba mchezo wenyewe una mpangilio wa pili, ambamo mraba hurudi kuwa shuti kama zamani. Ulikuwepo muda wote, wakati mrejeaji akitoa noti baada ya noti ili kuwapigia krosi makipa.

Baada ya hapo anafungwa matatu kwa moja. Bao lake ni la mraba, na anashangilia peke yake. Kisha analipa, anapisha, na kuuliza zamu yake ni ya ngapi. Hatua hii ikifika, jina la mrejeaji humtoka: ni mchezaji kama wengine, tena wa nne kwenye benchi.