Safu ya Ushauri: Kwa Waliodhuriwa na "Perhaps"

Tangu mabwana wanaosema Kiingereza walipozidi katika migodi ya Katanga, na tangu biashara ya Kasumbalesa ilipowazoesha watu wetu wa Likasi kuandikiana na Wazambia, sanduku la safu hii limejaa barua za wasomaji ambao hawalalamiki kwamba Kiingereza ni kigumu, bali kwamba ni laini mno, hata mtu akikishika humponyoka. Leo nazijibu tatu.

*Mzee Mshauri, niliomba kazi ya kuchomelea vyuma katika kampuni moja, na mkubwa wa huko, Mwingereza, akanijibu: "Your experience is quite good. We may perhaps call you." Rafiki yangu aliyepata kusoma Marekani akanifasiria kwamba ujuzi wangu ni mzuri sana. Nimekwisha kuwaarifu wakwe, nao wameongeza mbuzi katika mahari. Mbona simu hailii? — Fundi, Shituru*

Mwanangu, rafiki yako hakusema uwongo, ila alikupimia kwa pishi ya Kimarekani, ambako neno "quite" aghalabu huongeza sifa, ilhali kinywani mwa Mwingereza, likitangulia "good", mara nyingi huipunguza, kana kwamba amesema unafaa lakini asingependa kuapishwa. Ama hizo "may" na "perhaps" zilizofuatana, jua ya kuwa neno moja la shaka ni tahadhari, na mawili yakishikana mikono ni kwaheri. Wape wakwe habari ya yakini, ukamrudishe yule mbuzi katika mazungumzo kabla hajazaa.

*Mzee, mwenye duka la jumla wa Kitwe ameniandikia: "I am afraid your flour will be somewhat delayed." Nikamjibu asiogope, kwani Mungu ni mkubwa, na wamama wa kanisa letu wakafunga kwa ajili yake. Unga haujafika. Anaogopa nini? — Mama wa Unga, Kikula*

Mama, dua haipotei, lakini mtu huyo haogopi kitu. Hiyo ndiyo namna ya Waingereza, na ya wote waliosomeshwa nao, ya kuvua kofia kabla ya kukunyima. Hatari imo katika "somewhat", maana maneno ya udogo katika lugha hiyo hutumika kufunika makubwa. Husimuliwa kwamba katika vita vya Korea, Aprili 1951, Brigedia Brodie wa Uingereza, aliyekuwa amezidiwa na Wachina katika Mto Imjin, alimwarifu jenerali wake Mmarekani kwamba mambo yalikuwa yananata kidogo. Mmarekani akaelewa kidogo kuwa ni kidogo, na batalioni ya Gloucester ikazingirwa, walio wengi katika askari wake wakatekwa. Kwa hiyo usimwulize muuzaji wako maana ya "somewhat". Mwulize tarehe, idadi ya mifuko na jina la dereva, na akishindwa kuvitaja vyote vitatu, tafuta unga kwingine.

*Mheshimiwa, je, haifai tuyafute maneno haya katika mafunzo, ili watoto wetu wajue ndiyo na hapana tu? — Mwalimu, Panda*

Mwalimu, nakusihi usifute, kwani maneno ya shaka yana wenyewe watatu wasiofanana: mtaalamu apimaye maji ya mto, asemaye "inaelekea" kwa kuwa vipimo vyake havijatimia, naye ni mkweli kuliko aapaye; mwenye haya, asiyetaka kukuvunja uso mbele za watu; na mkwepa dhima, atafutaye mlango wa kutokea kabla hajaingia. Wa kwanza umheshimu, wa pili umwitikie kwa adabu, wa tatu umdai maandishi. Wala hayo si mageni kwetu: sisi tuliosomeshwa Kifaransa twajua kwamba mtangazaji akisema waziri "serait" safarini, muradi wake ni kwamba amesikia na hajathibitisha, na fundi cherehani wa sokoni akikwambia "upite kesho", hukumu yake waijua.

Tena mji wetu huu, ulipokuwa ukiitwa Jadotville, uliona maneno hayo yakiwa na bunduki. Azimio nambari 161 la Baraza la Usalama, la tarehe 21 Februari 1961, liliruhusu nguvu itumike katika kuzuia vita vya ndani vya Kongo, *ikilazimika*, na *kama njia ya mwisho*, pasipo kumtaja wa kuamua lini imelazimika. Na wakubwa wakabishana juu ya upana wa ruhusa ile, hata Septemba ya mwaka huo huo askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, wakazingirwa hapa tangu tarehe 13 hadi 17, wakajisalimisha walipoishiwa risasi na maji. Sisemi kwamba ni maneno yale peke yake yaliyowazingira, maana vita vile vilikuwa na sababu nyingi. Nasema kwamba neno la shaka lisipowekewa mwamuzi, kila mtu hulipima kwa faida yake.

Basi, wasomaji wangu, ahadi yoyote isiyo na tarehe wala jina la mdhamini ihesabuni kuwa ni hapana, na mkiwa na barua ya Kiingereza mkononi, msichinje mbuzi mpaka mtie sahihi mkataba.