Tamasha Limefana

Wanaosema tamasha la ufukweni Makoko haliongezi watalii hawajui kuhesabu. Mgeni rasmi alikuja na mpambe, dereva, mpiga picha na mshika mwavuli, wote wakalala Musoma mjini kwa posho. Huo si utalii wa ndani? Zanzibar wana Sauti za Busara tangu 2004, muziki mtupu. Sisi tuna itifaki. Wapiga makasia walimsubiri mgeni rasmi juani hadi saa saba, wakakauka kuliko dagaa. Lakini hotuba ilitufaa: kumbe Mara ina Serengeti, na Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922! Mzungu aliyekuwa akiulizia lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti tulimvisha fulana, tukamhesabu. Mwakani viti vya meza kuu viongezwe. Vya watazamaji vilibaki.